Pilipili tamu ni mboga, si kiungo



Ukurasa huu umezoea kusema juu ya kofia ya chuma, viatu vya kazi, vumbi na makelele ya mashini. Leo tuingie jikoni. Mwili unaoteremka shimoni ni ule ule uliokula nyumbani, na kosa la chungu linaweza kumlaza mtu kitandani sawasawa na kosa la mashini.

Sokoni mwetu kuna pilipili za namna mbili. Ya kwanza ni ile ndogo, kali, ambayo kila mtu anaijua; chache tu zinatosha chungu kizima. Ya pili ni ile kubwa, yenye nyama nyingi, ya kijani, ya manjano au nyekundu, ambayo hata mtoto anaweza kuitafuna bila kulia. Wengine huiita puavro kwa kufuata Kifaransa. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huiita pilipili hoho. Kuna pia zile ndefu zenye ukali mdogo sana. Katika maneno haya nitaziita zote pilipili tamu.

Maoni yangu ni haya: tunaikosea pilipili tamu kwa sababu ya jina lake. Kwa kuwa inaitwa pilipili, tunaifanya ndugu mdogo wa ile kali. Tunatia kipande kimoja katika mchuzi wa sikukuu ili kuleta rangi, na ikibaki tunaiweka akiba kwa namna ile ile tunayoweka pilipili kali. Yote mawili ni makosa. Pilipili kali ni kiungo. Pilipili tamu ni mboga. Mboga hupikwa kama mboga, na huoza kama mboga. Anayelishika neno hili atapata chakula bora katika nyumba yake, na atajilinda na sumu mbili ambazo nitazieleza hapa chini.

UKALI UNATOKA WAPI?

Pilipili zote, kali na tamu, ni za jamaa moja. Zimetoka Amerika. Christopher Columbus alizikuta huko katika safari yake ya mwaka 1492, na katika miaka ya 1500 Wareno walizileta kwenye pwani za Afrika. Mahindi na muhogo nayo yalitoka huko huko. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba puavro ni chakula cha wageni, naye anakula bukari na sombe kila siku. Zote zilivuka bahari ile ile.

Ukali unatoka katika kitu kinachoitwa kapsaisini. Watu wengi husema kimo ndani ya mbegu. Sivyo. Kinatengenezwa katika ile nyama nyeupe inayoshika mbegu. Mbegu zinapakwa tu kwa sababu zinakaa karibu. Mwaka 1912 mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, alibuni kipimo cha ukali. Kwa kipimo hicho puavro ina 0. Pilipili ndefu zenye ukali mdogo, kama ile poblano ya Mexico, zinafika 1,000 na kupita kidogo. Pilipili ndogo kali za kwetu Afrika huweza kupita 50,000.

Sasa angalia tofauti nyingine, ambayo kwangu ni kubwa kuliko ukali. Pilipili kali ni ndogo, nyama yake nyembamba, maji yake machache, na tunaila kidogo kidogo. Pilipili tamu ina nyama nene, na katika kila gramu 100 zaidi ya gramu 90 ni maji. Kama tunaila sawasawa, tunaila kwa kiganja. Mambo yote nitakayosema yanatoka hapo.

Kuna swali moja linaloulizwa kila mara dispansarini: je, pilipili inaleta kidonda cha tumbo? Katika miaka ya 1980 waganga wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walionyesha kwamba vidonda vingi vya tumbo vinaletwa na kijidudu kinachoitwa Helicobacter pylori. Walipewa zawadi ya Nobel mwaka 2005. Dawa za maumivu zinazomezwa ovyo huleta vidonda pia. Pilipili kali si mwanzo wa kidonda, lakini inaweza kumchoma yule aliye nacho tayari. Mgonjwa huyo afike kwa munganga, na chakula chake kisikose ladha: ajaribu pilipili tamu iliyopikwa ikalainika.

CHAKULA KILICHOMO NDANI

Wengi wetu tukisikia vitamini C tunafikiri machungwa. Lakini historia ya vitamini hii inapita katika pilipili tamu. Mtaalamu wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, alikuwa akitafuta namna ya kuipata kwa wingi ili aichunguze. Aliitoa kwanza katika tezi za ng'ombe na mahali pengine, lakini alipata kidogo sana. Mji alimofanya kazi, Szeged, ulikuwa mji wa pilipili tamu nyekundu, ile Wahungaria wanayoiita paprika. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alijaribu kuitumia pilipili hiyo, na katika muda mfupi alipata zaidi ya kilo moja ya vitamini C safi. Mwaka 1937 alipewa zawadi ya Nobel.

Kwa hesabu: gramu 100 za chungwa zina miligramu 50 hivi za vitamini C. Gramu 100 za puavro ya kijani, mbichi, zina 80 hivi. Ile nyekundu, iliyoiva, inapita 120. Shirika la Afya la Dunia linasema mtu mzima anahitaji miligramu 45 kwa siku. Maana yake nusu ya puavro nyekundu ya kadiri, ikiliwa mbichi, inamaliza haja ya siku nzima. Ile nyekundu ina pia rangi ambazo mwili unazigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho.

Vitamini C hii ina kazi moja kubwa katika nyumba zetu. Sahani yetu ya kila siku ni bukari na majani: sombe, lengalenga, matembele, au bukari na maharagi. Vyakula hivi vina madini ya chuma, ambayo mwili unahitaji ili kutengeneza damu. Lakini chuma cha majani na cha maharagi kinaingia mwilini kwa shida, tofauti na kile cha nyama na samaki. Vitamini C ikiliwa pamoja nacho, katika mlo ule ule, inakifungulia mlango. Chai kali inafanya kinyume chake: inaufunga. Kwa hiyo mama mwenye mimba anayekula lengalenga na vipande vya pilipili tamu, kisha akangoja saa moja kabla ya kunywa chai, anapata damu nyingi zaidi katika majani yale yale.

Msinisikie vibaya. Pilipili tamu si dawa. Upungufu wa damu hapa kwetu unaletwa pia na malaria, na minyoo, na kuzaa bila kupumzika. Mwenye macho meupe, moyo unaokwenda mbio na miguu mizito, aje apimwe damu. Mboga inasaidia nyumba isifike huko.

NAMNA YA KUIPIKA

Kosa la kwanza ni kuitia mwanzoni. Sombe hupikwa muda mrefu, na ni lazima iwe hivyo, kwa sababu muhogo una sumu yake ambayo hutoka kwa kutwanga na kuchemsha sana. Lakini vitamini C haivumilii moto mrefu. Basi pilipili tamu itiwe mwishoni, dakika tano kabla ya kuepua. Hivyo hivyo katika maharagi na katika mchuzi wa ndakala. Wala usiichemshe peke yake ukamwaga maji, maana umemwaga chakula.

Namna nyingine ni kuila mbichi: ioshe kwa maji safi yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, ikate nyembamba, changanya na tomati, kitunguu na ndimu. Mtoto hataungua, kwa kuwa haina ukali. Mama akiisha kukata pilipili kali, aoshe mikono kwa mafuta kidogo kisha sabuni kabla ya kumshika mtoto machoni. Maji peke yake hayatoi kapsaisini. Baba naye afanye hivyo kabla ya kuvaa miwani ya kazi.

Namna ya tatu naipenda kuliko zote. Chungu kikishatoka, makala bado ni mekundu. Weka pilipili tamu nzima juu ya mbabula, izungushe mpaka ngozi iwe nyeusi pande zote. Itie katika sufuria, funika dakika kumi. Ngozi itatoka yenyewe kwa vidole. Toa mbegu, ponda pamoja na kitunguu na chumvi kidogo, kula na bukari siku ile ile. (Mbabula ibaki nje. Moshi usioonekana wa makala umekwisha kuua watu waliolala na mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa.)

Kuna faida nyingine katika mchuzi wenye pilipili tamu nyingi: unakuwa mzito na mtamu, na mkono hauendi tena kwenye chumvi na vile vidonge vya kutia ladha. Shirika la Afya la Dunia linataka mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika samaki wa chumvi na katika vidonge hivyo. Wafanyakazi wangapi kati yetu wana damu ya kupanda, na hawajui mpaka siku ya kupimwa? Anayefanya kazi penye joto kali na kutoka jasho jingi afuate shauri la dispansari juu ya maji na chumvi, wengine wapunguze.

Nayajua majibu. Baba mmoja atasema: bila pilipili kali, chakula si chakula. Sikumkataza. Aitie kali yake katika sahani yake mwenyewe, na chungu kiwe cha watu wote, pamoja na watoto na mgonjwa. Mama mwingine atasema: puavro ni ya bei. Ni kweli, miezi mingine bei yake inapanda sana. Lakini linganisha bei hiyo na ya chupa za bia za siku ya mshahara. Na tena, mmea huu unakubali kukaa nyuma ya nyumba, hata ndani ya mfuko wa zamani uliojazwa udongo mzuri na samadi iliyooza. Ndugu zetu wa Zambia na Zimbabwe wamelima pilipili tamu nyekundu kwa kuikausha na kuiuza Ulaya. Hewa yao na yetu ni karibu moja. Udongo usitolewe karibu na takataka za kiwanda wala kando ya barabara ya magari ya madini.

AKIBA: HAPA NDIPO PENYE HATARI

Siku ya soko kubwa bei inashuka, mama ananunua ndoo nzima. Siku ya tatu zinaanza kulainika. Ndipo watu wanajaribu njia ambazo wameona kwa pilipili kali. Njia tatu nazikataa.

Njia mbaya ya kwanza: mfuko wa plastiki uliofungwa. Mboga inapumua. Ukiifungia, inatoka jasho, na jasho linaleta uozo. Hii haiui mtu; inaua fedha tu.

Njia mbaya ya pili: kuzitunga nzima katika kamba na kuzining'iniza jikoni. Pilipili kali inakubali, kwa kuwa ni ndogo. Wahungaria nao wamekausha paprika zao kwa kamba chini ya mapaa tangu zamani, lakini ile paprika ya kusagwa ina nyama nyembamba. Puavro yetu yenye nyama nene ikitungwa nzima, nje inakauka na ndani inabaki na maji. Ukiipasua utaona ukungu wa kijani au mweusi. Katika ukungu wa namna hiyo mara nyingine mna sumu inayoitwa aflatoksini. Ilijulikana baada ya mwaka 1960, wakati zaidi ya batamzinga 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula chakula cha karanga zilizooza. Mwaka 2004 huko Kenya, mahindi yenye sumu hiyo yaliugua watu 317, na 125 kati yao walikufa. Na anayeila kidogo kidogo miaka mingi anajitayarishia kansa ya ini, zaidi tena kama ana ugonjwa wa ini wa aina ya B. Pilipili iliyokaushwa vibaya ni moja ya vyakula ambavyo sumu hii hupatikana ndani yake mara kwa mara. Kwa hiyo nchi za Ulaya zinaipima mpakani kabla ya kuiruhusu kuingia. Moto wa jikoni hauiondoi. Kuosha hakuiondoi. Kukata kipande chenye ukungu na kula kilichobaki hakusaidii.

Njia mbaya ya tatu ndiyo inayonitisha zaidi: kuzijaza mbichi au zilizochomwa ndani ya chupa, kumimina mafuta juu, kufunga na kuweka kabatini. Watu hufikiri mafuta yanahifadhi. Mafuta hayahifadhi kitu. Yanazuia hewa tu. Na kuna kijidudu kimoja, Clostridium botulinum, ambacho mbegu zake zimo katika udongo kila mahali, na ambacho hupenda pale pasipo na hewa. Kinataka mambo manne: maji, chakula kisicho kichungu kama siki, joto la kadiri, na kukosa hewa. Pilipili tamu ndani ya mafuta inakipa yote manne. Kinatengeneza sumu kali kuliko karibu sumu zote zinazojulikana. Mara nyingi chupa haina harufu, haina povu, haina dalili.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Mwezi wa tatu mwaka 1977, katika mji wa Pontiac, huko Michigan, Marekani, watu 59 waliugua baada ya kula katika hoteli moja ya chakula iliyotumia pilipili zilizofungwa chupani bila kupikwa inavyopasa. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kwa vitunguu saumu vilivyowekwa ndani ya mafuta. Hizo ni nchi zenye hospitali kubwa, mashini za kupumulia na dawa ya kupinga sumu hiyo. Kwetu mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuchukuliwa kama mlevi, au kama mtu aliyerogwa.

Basi zishikeni dalili zake. Baada ya saa 12 mpaka 36 hivi, mara nyingine baada ya siku kadhaa, mtu anaona vitu viwili viwili, kope zinaanguka, kinywa kinakauka, anashindwa kumeza na kusema vizuri. Udhaifu unateremka kutoka kichwani kwenda mikononi na miguuni, mpaka pumzi. Homa hana, na akili yake ni timamu. Huyo apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana, na chupa ile ipelekwe pamoja naye.

Mwingine atasema: nitachemsha chupa zangu sana. Hapa hewa ya mlimani inatudanganya. Ili kuua mbegu za kijidudu hiki inatakiwa joto la digrii 121, linalopatikana katika sufuria ya kufunga yenye nguvu ya mvuke. Maji yanayochemka pwani yanafika digrii 100. Lubumbashi, kwenye mita 1,200 na zaidi, yanachemka kwenye digrii 96 hivi. Kolwezi, mita 1,400 na zaidi, kwenye digrii 95 hivi. Kuchemsha kutwa nzima hakuongezi hata digrii moja.

Pilipili kali mbichi iliyotiwa mafuta iko chini ya sheria hii hii. Tengeneza ya kula leo. Ikibaki, iwe katika frigo, na iliwe ndani ya siku nne. Kama umeme ulikatika usiku kucha, usihesabu kwamba ilikuwa katika frigo.

NJIA NZURI

Mbichi. Chagua zenye ngozi ngumu na kikonyo cha kijani. Usizioshe kabla ya siku ya kupika. Zitandaze mahali penye kivuli na hewa. Katika frigo ziwekwe chini, panapohifadhiwa mboga. Baridi inayofaa ni digrii 7 mpaka 10, na hapo zinakaa wiki mbili au zaidi. Asiye na frigo afanye kama mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliyepewa zawadi mwaka 2000 kwa kazi hii: chukua vyungu viwili vya udongo, kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, mwagia mchanga maji asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa chenye maji. Maji yanapokauka yanachukua joto la ndani. Hufanya kazi vizuri wakati hewa ni kavu, yaani kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa. Wakati wa mvua haisaidii sana.

Kavu. Huu nao ni wa kiangazi. Osha, pasua, toa mbegu na nyama nyeupe, kata vipande vya upana wa kidole kidogo. Vitandaze juu ya wavu au kitambaa safi kilichoinuliwa, si chini wala juu ya bati. Funika kwa chandarua kisicho na dawa ili nzi wasitue. Kivuli chenye upepo ni bora kuliko jua kali, maana jua linaharibu vitamini. Jioni ingiza ndani, kwa ajili ya umande. Baada ya siku tatu mpaka tano, kunja kipande: kikivunjika, kimekauka, kikipinda kama ngozi ya kiatu, bado. Usishangae kuona kilo 10 zimebaki pungufu ya kilo 1. Yaliyokwenda ni maji. Tia ndani ya chupa kavu, funga, weka gizani. Baada ya wiki moja angalia: ukiona mvuke ndani ya chupa, toa ukaushe tena. Ukiona ukungu, tupa zote. Vitamini C nyingi imepotea, lakini ladha na rangi vinabaki kukusaidia wakati wa mvua.

Neno moja juu ya vumbi. Mwaka 2009 waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wa Katanga wanaoishi karibu na machimbo na viwanda vya madini wana kobalti nyingi sana katika mkojo, na watoto wamo. Mboga inayokaushwa kando ya barabara ya magari ya madini inakusanya vumbi hilo, nawe unalila. Kausha nyuma ya nyumba, mbali na barabara.

Katika siki. Pasua na ukate, ili siki iingie kila mahali. Tumia siki ya dukani yenye kipimo cha 5 au zaidi. Maji yasizidi siki. Chemsha pamoja na chumvi kidogo, mimina juu ya vipande katika chupa ya kioo iliyochemshwa, funga. Siki inamzuia kijidudu yule kwa uchungu wake. Na sikilizeni vizuri: asidi ya kiwandani si siki, hata ikiongezwa maji. Bidoni iliyobeba asidi au dawa za kiwanda haisafishiki. Isiingie jikoni, si kwa pilipili, si kwa mafuta, si kwa maji ya kunywa.

SHERIA ZA KUSHIKA

1. Pilipili tamu iliwe kwa kiganja, mbichi au iliyotiwa chunguni mwishoni.
2. Iliwe pamoja na majani au maharagi. Chai ingoje saa moja.
3. Isifungiwe katika plastiki, isitungwe nzima.
4. Yenye ukungu itupwe yote.
5. Isiwekwe akiba ndani ya mafuta.
6. Isikaushwe penye vumbi la madini.
7. Vyombo vya kiwanda vibaki kiwandani.

Najua jibu la mwisho, kwa kuwa ni lile lile tunalolisikia shimoni: "Mama yangu alifanya hivyo miaka yote, wala hakuna aliyekufa." Hivyo ndivyo anavyosema mtu anayepita chini ya jiwe lililopasuka kila siku. Jiwe halikuanguka jana. Haina maana kwamba limeshikwa. Kazini tumejifunza kugonga mwamba kabla ya kupita chini yake. Nyumbani tujifunze kufungua chupa ya mafuta ya mwezi uliopita na kuimwaga shimoni, hata kama ndani yake mna fedha ya ndoo nzima.

Baba na mama, someni ukurasa huu pamoja, maana mara nyingi anayenunua, anayepika na anayeweka akiba si mtu mmoja. Mwenye swali aje dispansarini. Na mwenye shaka juu ya chupa yake, asiionje.